Mtoto wa Nje ya Faili

Katika nchi ile mtu huzaliwa mara mbili, na ile mara ya kwanza hakuna anayeijali. Mara ya kwanza hutoka tumboni, analia, anakatwa kitovu, anapewa jina, watu wanakula na kunywa, basi. Hayo ni porojo. Mara ya pili hutoka mezani: Msajili anauliza, anaandika, anagonga muhuri, na hapo ndipo mtu anaanza kuwapo. Kabla ya muhuri unaweza kuwa na miguu, njaa na kikohozi, lakini kuwapo hupo. Nani aliyeyaanzisha mambo haya? Msiniulize mimi. Kila aliyefika Uwandani aliyakuta, na kila aliyeuliza aliambiwa apange foleni.

Uwanda ulikuwa katikati ya nyua mbili za seng'enge. Ua wa nje waliuruka waliokuwa wakikimbia kwao, na hakuna aliyewazuia, maana kuingia Uwandani si kuingia nchini. Ua wa ndani ulikuwa na Lango, na nyuma ya Lango ulikuwa Mji, ambao ulisikika wakati wote: milango ikifungwa, mtu akicheka, mtu akimwita mtoto akaoge. Mwaka haukujulikana. Watu walihesabu umri wao kwa mafaili. Mama mmoja aliwahi kuapa kwamba mwanawe alizaliwa kabla yake, kwa sababu faili la mwana lilifunguliwa mapema, na ofisi ikamkubalia. Ukutani mwa Jumba la Masikizi, ambamo Msikilizaji alisikiliza na kuamua maombi ya hifadhi, palikuwa na saa kubwa, mishale yake ikienda mbele Msikilizaji akiwa ndani na kurudi nyuma akitoka kwenda kula. Mtu angeweza kungoja asubuhi nzima akaondoka akiwa amebakiwa na asubuhi ileile.

Karibu na bomba la maji palikuwa na kibanda cha mabati, na juu ya mlango kibao: MSAADA WA SHERIA, BURE. Humo alikaa Makungu. Wengine walimwita wakili, lakini wakili hakuwa. Alikuwa mtu aliyesoma Kanuni za nchi ile mpaka zikamwingia mifupani, akawa anawatayarisha wenzake kwa siku ya kusikilizwa. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Aliweka viti viwili. Kwanza alikaa yeye kiti cha Msikilizaji, akauliza maswali kwa ukali, mwombaji akijibu huku jasho linamtoka. Kisha walibadilishana: mwombaji akawa Msikilizaji, na Makungu akasimulia habari za mwombaji kana kwamba ni zake, mimi hivi, mimi vile, ili mwenyewe asikie ni wapi pana mashimo. Watu wengi walivuka Lango kwa sababu ya viti vile viwili, na wala sitanii.

Lakini kazi ile ilikuwa imemla. Miaka na miaka ya kusema mimi kwa niaba ya wengine haikumwacha salama. Akijilaza mchana, habari zote zilimjia pamoja, kila moja ikidai kuwa ni yake. Mimi ndiye niliyevuka mto na cherehani kichwani. Hapana, huyo alikuwa fundi Sengiyumva. Mimi nilijificha siku tatu ndani ya tangi. Hapana, hao walikuwa mapacha wa yule mwalimu. Mimi niliacha mlango wazi nyumbani. Huyo nani sasa? Niliuacha wazi nikarudi kuufunga, na niliporudi. Niliporudi nini? Hapo ndipo uzi ulipokatika, siku zote hapohapo, na Makungu aliinuka akaenda kunawa uso. Faili lake mwenyewe liliwahi kuwako. Liliungua, au lilipotea, au hakuwahi kulifungua. Alikuwa akijiambia kwamba siku moja atalifuatilia.

Basi siku hiyo Mwamini akaingia kibandani na karatasi mkononi. Huyu Mwamini alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu. Mumewe aliuawa uani mwao na watu waliokuwa wakitaka shamba lake, watu ambao bado wako hukohuko, bado wana mapanga, na waliapa hadharani kwamba hawatabakiza hata mtoto mmoja wa marehemu wa kuja kudai shamba. Makungu mwenyewe ndiye aliyemtayarisha. Kesi yake ilikuwa safi. Alipoiona ile karatasi yenye muhuri wa kijani akaruka kitini.

"Hongera, Mama Byamungu! Hifadhi! Umepewa hifadhi! Mbona umenuna kama uliyefiwa?"

"Isome, mzee."

Akaisoma. Hifadhi imetolewa kwa Mwamini, mjane, pamoja na watoto wake wawili, Byamungu na Asifiwe. Wavuke Lango kabla ya siku ya saba. Makungu akageuza nyuma, hakuna kitu. Akachungulia nje. Chini ya ukuta wa kibanda walikuwa wameketi watoto watatu: Byamungu, mvulana wa miaka kumi na minne, Asifiwe, mdogo, akila udongo kwa siri, na katikati yao Faida, msichana wa miaka kumi na mmoja, amekumbatia magoti.

"Yule wa katikati yuko wapi humu?"

"Hayumo."

"Hayumo kwa nini? Msajili alimruka?"

"Mimi ndiye niliyemruka," akasema Mwamini.

Akaeleza akiwa ameinamisha kichwa. Kwao mama hahesabu watoto wake. Anayewahesabu anaionyesha mauti njia ya kuingilia. Mgeni akikuuliza una watoto wangapi, unataja pungufu. Mmoja unamficha, na unayemficha ni yule unayemwogopea kuliko wote. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake, na kila mwanamke wa bonde lao, na hakuna ambaye angemwita mwongo kwa hilo, kwa kuwa majirani wote wanajua na wote wanafanya vivyo hivyo. Faida alizaliwa bila pumzi, akapigwapigwa mgongo mpaka akalia. Siku walipofika mezani kwa Msajili alikuwa na homa, wamemlaza nje juu ya khanga. Msajili akauliza: watoto wangapi? Mwamini akamtazama yule mtu asiyemjua, mwenye kalamu na sauti kavu. Akajibu: wawili.

"Nikaona nimemwokoa," akasema. "Wallahi, mzee, nilitoka pale nikiwa na furaha."

Makungu alishika kichwa. Ni desturi nzuri, labda; yeye hakujua kama kwao walikuwa nayo, maana kwao penyewe hakukumbuka ni wapi. Lakini alijua Uwanda unavyowafanya watu wasio na faili. Alikuwa amewaona. Kwanza mgawaji wa uji anampita mtu bila kukusudia. Upawa unakwenda kwa wa mbele yake, kisha kwa wa nyuma yake. Baadaye walinzi wanamkumba njiani na hawaombi radhi. Baadaye kivuli chake cha saa sita kinapauka. Mwishowe watu waliolala naye hema moja wanauliza hili shuka ni la nani. Faida alikuwa amekwisha kuanza; kwa wiki mbili alikuwa akila nusu ya uji wa kaka yake, na Makungu alipomkazia macho aliona mistari ya mabati kupitia bega lake.

"Tunavuka na hao wawili, yeye abaki?" akauliza Mwamini. "Abaki na nani? Niambie, mzee. Sheria inasemaje?"

Sheria ilisema kuna rufaa. Makungu akaeleza vizuri: kuna kanuni ya umoja wa familia, kuna haki ya mtoto kutotenganishwa na mzazi, kuna nafasi ya kurekebisha maelezo kwa kiapo. Aliyasema hayo kwa sauti ya juu, akionyesha kwa kidole kila mstari. Kisha akasema, haraka na chinichini, kama mtu anayekohoa, kwamba rufaa hufungua faili zima, si ukurasa mmoja.

"Zima maana yake nini?"

"Maana yake wanasoma yote upya. Lakini kesi yako ni safi, usiwe na wasiwasi."

Alisema usiwe na wasiwasi. Neno hilo lilimrudia baadaye mara nyingi. Kwa nini alilisema? Kwa sababu alikuwa ameshinda kesi nyingi. Kwa sababu aliiamini karatasi. Na tuseme ukweli wote: kwa sababu kwa miaka mingi hakuwahi kupata kesi ya mtu asiyekuwapo, na kitu ndani yake, kiburi hasa, kilitaka kuona kama yeye Makungu, kwa maneno matupu, anaweza kumfanya mtu awepo. Mungu amsamehe.

Wakaanza mazoezi. Makungu kwenye kiti cha Msikilizaji: "Una watoto wangapi?" Mwamini anakunja pindo la khanga. "Mama, una watoto wangapi?" Mwamini anatazama sakafu. "Jibu!" Anatoka nje kutapika. Kesho yake vilevile. Kesho yake tena, au ilikuwa siku ileile imerudi. Uwandani mtu hana hakika. Makungu akajaribu kubadilisha viti. Akakaa cha mwombaji, akasema: mimi ni Mwamini, nimezaa watoto. Nimezaa. Akakwama hata yeye. Mimi nimezaa wangapi? Niliacha mlango wazi nyumbani, nikarudi kuufunga. Nani alikuwa ndani? Mwamini, aliyekuwa amekaa kwa woga kwenye kiti cha mkubwa, akamuuliza kama anaumwa.

Siku ya sita uvumilivu ulimwishia.

"Mama Byamungu, nisikilize! Unaogopa ukimhesabu atakufa. Sawa. Na usipomhesabu je? Mtazame! Mtazame pale mlangoni, mlango unaonekana kupitia kwake! Unamficha mauti isimwone, au unaifichia mauti chakula chake?"

Ukali ule ulimwuma mwenyewe, lakini haukurudi mdomoni. Mwamini alilia kwa uchungu, bila kujifunika uso. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akapiga moyo konde.

"Nitasema. Ila nikisema, mzee, na wewe ubebe."

"Nitabeba."

Msikilizaji alikuwa mtu mpole. Nasema hivyo kwa sababu wengi hudhani alikuwa shetani, na si kweli. Alikuwa na sweta la kufumwa na chupa ya chai, na alimkaribisha Mwamini akae kabla hajauliza lolote. Chumba chake kilikuwa kirefu, na kila mwombaji alipojibu vibaya meza ilisogea nyuma kidogo, hata wengine walimaliza kesi zao wakipiga kelele kutoka mbali. Mafaili yalipangwa ukutani hadi darini. Makungu alisimama pembeni, na watoto walisimama mstari mmoja. Mhudumu aliwaletea viti viwili.

"Uliapa una watoto wawili," akasema Msikilizaji. "Rufaa inasema vingine. Haya, mama. Una watoto wangapi?"

Mwamini akainuka. Akaenda akamgusa Byamungu kichwani. "Mmoja." Sauti haikutoka vizuri, akarudia. Akamgusa Asifiwe. "Wa pili." Kisha mkono wake ukaenda kwa Faida, ukatua. "Wa tatu. Watoto wangu ni watatu. Mungu wangu, nimewahesabu, nimewahesabu mbele ya watu." Akaanguka magotini, akamkumbatia yule wa tatu miguuni, na kwa kitambo kidogo Makungu aliona, wala hakukosea, rangi ikimrudia msichana usoni na kivuli chake kikikolea sakafuni.

"Ahsante," akasema Msikilizaji. Akaandika. "Siku ile wawili, leo watatu, na mara zote mbili chini ya kiapo. Sasa nisaidie, mama. Uliongopa lini?"

"Sikuongopa, mheshimiwa. Nilimficha."

"Ulimficha ili nani asimwone? Mimi?"

"Mauti."

Msikilizaji alitafuta ukurasa wa neno hilo katika Kanuni, hakuupata. Meza ikasogea nyuma. Makungu akapiga hatua mbele, akaeleza ile desturi kwa maneno yake bora, akataja kanuni ya umoja wa familia na ile ya mazingira ya mwombaji, na kwa kweli alisema vizuri. Hata mhudumu aliacha kufuta vumbi.

"Desturi hiyo imeandikwa wapi, Makungu?"

"Haiandikwi, mheshimiwa. Ikiandikwa imekwisha."

"Ndiyo," akasema Msikilizaji kwa huzuni, na meza ikaenda mbali zaidi, na sauti yake ikawafikia kwa kuchelewa. "Unaona shida yangu. Kama huyu mama anaweza kuapa wawili kwa sababu nzuri, basi anaweza kuapa lolote kwa sababu nzuri. Mume aliuawa? Labda. Mapanga? Labda. Mimi sina kingine ila kinywa chake, na kinywa chake kimesema mambo mawili."

Hukumu ilitoka kabla chai yake haijapoa. Maelezo yanakinzana, mwombaji si wa kuaminika, hifadhi imefutwa, faili limefungwa. Mwamini, Byamungu na Asifiwe watarudishwa kwao kwa lori la kwanza. Kuhusu huyo anayedaiwa kuwa wa tatu, Jumba halimtambui na halina la kusema.

Sasa Makungu akajua alichokifanya. Watoto wawili waliokuwa salama, pamoja na mama yao, alikuwa amewashika mkono akawatoa nje ya Lango kwa ufasaha wake. Alitaka Mwamini amtukane. Alimfuata hatua kwa hatua hadi uwanja wa malori akimwomba amtukane, lakini Mwamini alikuwa akitembea haraka, amewashika watoto, na akili yake ilikuwa mahali pengine kabisa.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Mlinzi mwenye orodha alisimama kwenye ngazi, mtu mzima mwenye mafua, akisoma majina kwa pua iliyoziba. Mwamini akaitwa, akapanda. Byamungu akaitwa, akapanda. Asifiwe akainuliwa. Faida, aliyekuwa nyuma yao, akaweka mguu kwenye ngazi, na mlinzi akahisi kitu kimemgusa, akatazama chini akiyakaza macho.

"We! Nani wewe? Jina?"

"Faida."

Akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini, chini hadi juu. "Hayumo. Huyu hayumo. Nikipakia mtu asiyekuwamo nitajibu mimi." Akapaza sauti ndani ya lori. "Mama! Huyu ni wako? Kama ni wako sema, nimwandike kwa kalamu twende zetu."

Makungu alifungua mdomo. Miaka yote alikuwa ameufundisha mdomo huo kusema kweli inayolingana, na neno lilikuwa limeshafika ulimini: ni wake, mwandike. Kalamu ilikuwa tayari. Kwa mara ya kwanza tangu ulimwengu uumbwe mtu wa serikali ile alikuwa tayari kumwandika Faida, na pa kumwandika palikuwa ni orodha ya wanaokwenda kwenye mapanga.

Mwamini alimtazama Makungu, si mtoto. Alimtazama kwa jicho lililosema yote: ulisema utabeba.

"Simjui huyo mtoto," akasema.

"Una hakika? Amekuja nyuma yako."

"Nina watoto wawili, bwana. Hesabu mwenyewe. Huyo simjui."

Byamungu alitaka kusema kitu, na mama yake akamfinya paja mpaka akanyamaza. Mlinzi akapenga kamasi, akamgeukia Makungu. "Na wewe wa kibandani, wewe unajua watu wote. Huyu ni nani?"

Makungu alitazama miguu yake. Ndani ya kichwa sauti zote zilikuwa zimenyamaza, fundi na cherehani yake, mapacha na tangi lao, yule aliyeacha mlango wazi. Alibaki yeye peke yake, pengine kwa mara ya kwanza, na alichopata kusema kwa kinywa chake mwenyewe kilikuwa uongo.

"Simjui," akasema.

Mlinzi akamshusha Faida ngazini kwa mkono mmoja, bila ubaya, akafunga bamba la nyuma. Lori likaondoka. Faida alipiga kelele mara moja tu, "Mama!", sauti kubwa ambayo hakuna aliyejua anayo. Mwamini alikaa wima akitazama mbele, mkono mdomoni, na hakugeuka hadi lori lilipopita ua wa nje. Mlinzi akakunja orodha akaenda zake.

Makungu akachuchumaa mbele ya msichana. Alikuwa ameyapanga maneno. Akamwambia kwamba mama yake hakumkana, alimficha. Kwamba kule wangemuua. Kwamba hapa hakuna karatasi yoyote yenye jina lake, kwa hiyo hakuna awezaye kumrudisha popote. Kwamba atakula kwake na kulala kwake, na kwamba yeye, Makungu, atamwona kila siku hata kama hakuna mwingine atakayemwona. Alieleza kwa utaratibu mzuri, kama alivyozoea, na alipomaliza alingoja.

Faida alikuwa bado anatazama vumbi la lori.

"Mimi nilitaka kwenda nao," akasema. "Hamkuniuliza."